Ubepari unamlipa nani hasa? Jasho, urithi na bili ya mazingira

Kila ikitoka orodha ya mabilionea wa dunia ugomvi unakuwa ule ule. Kuna upande unasema hawa watu wamepambana, wametumia akili, wamelala masaa machache kwa miaka mingi, acheni wivu. Kuna upande unajibu kwamba hao ni watoto wa kishua tu, walikuta kila kitu kimeshapangwa, halafu utajiri wenyewe umejengwa kwa kuharibu hewa na maji ya watu wengine. Wanarushiana maneno mpaka wanachoka na hakuna anayebadilika mawazo, na mi naona sababu kubwa ni kwamba wanabishana vitu vitatu au vinne kwa wakati mmoja bila kuvitenganisha. Swali lenyewe ni zito na linamgusa kila mtu anayefanya kazi: anayefanikiwa kwenye ubepari, amefanikiwa kwa sababu alistahili?

Tuanze na maana, maana bila hivyo hatufiki popote.

Ubepari ni mfumo ambao vitu vya kuzalishia mali, yaani ardhi, viwanda, mashine, majengo, haki za uvumbuzi na hela ya kuwekeza, vinamilikiwa na watu binafsi na kampuni zao, bei nyingi zinapangwa sokoni, na lengo ni faida. Hivyo vitu vya kuzalishia ndo tunaita mtaji. Kuuza na kununua peke yake sio ubepari, watu walifanya biashara maelfu ya miaka kabla mfumo huu haujawepo. Kinachoutofautisha ni kwamba kuna mwenye mtaji na kuna anayeuza muda na nguvu zake kwa mwenye mtaji, na kinachobaki baada ya kulipa mishahara na gharama zingine kinaenda kwa mwenye mtaji. Hapo sijamtukana mtu, nimeeleza tu ulivyo.

Kustahili ndo pagumu. Mtu mmoja akisema "anastahili" ana maana amejituma. Mwingine ana maana ana kipaji, ana akili kuliko wengine. Wa tatu ana maana amewafanyia watu jambo la maana. Hivi vitu vitatu vinaweza kwenda pamoja lakini mara nyingi haviendi. Anayezibua mitaro ya maji machafu anajituma kuliko wengi wetu na mchango wake kwa afya ya mji mzima ni mkubwa sana, ila malipo yake wote tunayajua.

Kwa nini? Kwa sababu soko haliulizi umejituma kiasi gani. Soko linauliza vitu viwili: ulichonacho kinatakiwa na wenye hela? Na kipo kichache kiasi gani? Ukiwa na kitu kinachotakiwa sana na wewe ndo unakimiliki peke yako, unalipwa sana, hata kama hukutoa jasho. Ukiwa na kitu muhimu sana lakini watu wengi wanaweza kukitoa, unalipwa kidogo hata ukifa na kazi. Na hili halijasemwa na wapinzani wa ubepari peke yao. Friedrich Hayek, mmoja wa watetezi wakubwa kabisa wa soko huria, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1974, alishaandika mwaka 1960 kwamba soko linalipa kulingana na thamani ambayo wengine wanaipa huduma yako, na kwamba thamani hiyo sio kipimo cha nani anastahili. Yeye aliona ni sawa iwe hivyo, aliona hatari ni kumpa mtu au serikali mamlaka ya kuamua nani anastahili nini. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga, ila angalau alikuwa mkweli kuhusu kile soko linachofanya. Wengi wanaomtetea bepari leo wanadai kitu ambacho Hayek mwenyewe hakukidai.

Angalia mfano wa wavuti hii tunayoitumia kila siku. Tim Berners-Lee aliibuni akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia nzima itumie bure, bila kulipa chochote. Kwa kipimo chochote cha kipaji na mchango kwa binadamu, ni vigumu kumpata aliyemzidi kwa miaka ile. Lakini kwenye orodha za mabilionea humkuti, unawakuta waliojenga maduka na mitandao juu ya kitu alichokitoa bure. Sisemi wale hawakufanya kazi, walifanya, na nyingine ilikuwa kazi ya akili kubwa. Nachosema ni kwamba kilicholipwa ni kumiliki mlango wa kupitia, na yeye aliamua asiweke mlango.

Sasa kama kinacholipwa ni umiliki, swali linalofuata linakuja lenyewe: huo umiliki watu wanaupataje?

Wengine wanaujenga, ndio. Ila fanya hesabu hii ndogo na mimi. Chukua watu wawili wenye umri mmoja, akili moja, bidii moja. Wa kwanza karithi mtaji wa 100, hiyo 100 iwe kipimo chochote unachotaka. Anauweka mahali unakua kwa asilimia 5 kila mwaka, hagusi, analala. Baada ya miaka 30 ana 432. Wa pili hajarithi kitu, ila kila mwaka anajibana kwenye mshahara wake anaweka 5, mahali pale pale, kwa ukuaji ule ule, hakosi hata mwaka mmoja kwa miaka yote 30, hajaugua, hajafukuzwa kazi, hana mdogo wake wa kumlipia ada. Mwisho ana 332. Ametoa 150 za jasho lake mwenyewe na pengo kati yake na mwenzake bado ni 100 ile ile waliyoanza nayo, haijapungua hata moja. Na hapo nimemfanya yule wa kwanza asifanye kazi kabisa, wakati kwenye maisha halisi na yeye ana mshahara, pengine mzuri zaidi, na anaweka akiba pia. Thomas Piketty, mwanauchumi wa Ufaransa, amekusanya takwimu za kodi na mirathi za karne kadhaa na hoja yake kuu ndo hii kwa upana wake: kwa vipindi virefu asilimia ya faida ambayo mtaji unaleta kwa mwaka imekuwa kubwa kuliko asilimia ambayo uchumi wenyewe unakua, kwa hiyo mali iliyokusanywa zamani inaikimbia mishahara ya leo.

Ndio maana mi huwa napinga mtu akisema ubepari ni mashindano. Ni mashindano ndio, lakini ni kama ligi ambayo pointi za msimu uliopita hazifutwi. Timu inaanza msimu mpya ikiwa na pointi 60 za msimu uliopita, nyingine inaanza na sifuri, wote wanacheza dakika 90, refa anaweza asipendelee mtu kabisa, mechi zikachezwa kwa haki, na bado bingwa anajulikana kabla ya msimu kuanza. Ukimuuliza bingwa atakwambia tulijituma mazoezini, na atakuwa hajadanganya.

Kuna watu hapa wataleta ile hoja kwamba utajiri hauvuki kizazi cha tatu, babu anajenga, baba anatunza, mjukuu anatapanya. Inafariji lakini haikai sawa na tunachokijua. Guglielmo Barone na Sauro Mocetti, watafiti wa Benki Kuu ya Italia, mwaka 2016 walitoa matokeo ya kulinganisha kumbukumbu za kodi za mji wa Florence za mwaka 1427 na za mwaka 2011 kwa kutumia majina ya ukoo. Wakakuta koo zilizokuwa na kipato cha juu karibu miaka 600 iliyopita bado zina uwezekano mkubwa wa kuwa juu leo. Fikiria kilichopita katikati: magonjwa ya tauni, jamhuri kuanguka, Napoleon, vita viwili vya dunia. Mjukuu mmoja mmoja anaweza kutapanya, hilo lipo, lakini ukoo kama ukoo unabaki na nafasi yake, kwa sababu kinachorithiwa ni pamoja na shule, ndoa, majina ya watu wa kuwapigia simu na ule uzoefu wa kujua milango inafunguliwaje. Na kama unadhani hayo ni ya Italia ya kale, benki ya UBS kwenye ripoti yake ya mabilionea ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba kwa kipindi walichochunguza, mabilionea wapya waliopata mali kwa kurithi walipata jumla ya dola bilioni 150.8, na wapya waliojijenga walipata bilioni 140.7. Hiyo ni benki ya matajiri yenyewe inasema, sio chama cha wafanyakazi.

Halafu kuna urithi ambao ulitokana na uhalifu mtupu na sheria ikaubariki. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833 ililipa fidia ya pauni milioni 20, hela kubwa sana kwa wakati ule, kama asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka. Waliolipwa ni wamiliki wa watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti, na wengi wakalazimishwa kuendelea kufanya kazi bila malipo kwa jina la mafunzo mpaka 1838. Deni lililokopwa kwa ajili ya fidia hiyo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Yaani mtu aliyezaliwa Uingereza miaka ya 1980, hata kama ni kitukuu cha mtumwa, amechangia kupitia kodi yake kulipa deni la kuwafidia mabwana, na wajukuu wa mabwana wale walianza ligi na pointi hizo. Mi nikisoma hii kitu huwa nakosa uvumilivu kabisa na mtu anayeniambia historia imepita tugange yajayo.

Urithi ambao hauonekani kwenye benki

Tukiongelea urithi watu wanawaza nyumba na akaunti, lakini mwingi hauna hati. Mwanauchumi Raj Chetty na wenzake huko Marekani walifuatilia wavumbuzi, yaani watu waliosajili uvumbuzi wao, wakarudi nyuma kuangalia walizaliwa kwenye familia gani. Mtoto wa familia ya ile asilimia 1 ya juu kwa kipato alikuwa na uwezekano mara 10 wa kuwa mvumbuzi kuliko mtoto wa familia iliyo chini ya kipato cha kati. Ungesema labda watoto wa matajiri wana akili zaidi ya hesabu. Wakaangalia alama za hesabu za darasa la tatu. Wakakuta mtoto maskini mwenye alama za juu kabisa bado yuko nyuma sana ya mtoto tajiri mwenye alama hizo hizo. Akili ilikuwepo, kilichokosekana ni mengine yote: kumuona mvumbuzi kwa macho yake, kujua kwamba hiyo ni kazi mtu anaweza kuifanya, na kuwa na mtu wa kumshika mkono.

Na kuna uwezo wa kushindwa. Huu naona ni urithi mkubwa sana na hauongelewi. Jeff Bezos aliacha kazi nzuri akaanzisha Amazon, ni uamuzi wa ujasiri na alifanya kazi kubwa, hakuna ubishi. Ila mwaka 1995 wazazi wake waliwekeza humo dola kama 245,000. Bill Gates alikuwa na kipaji cha ajabu, lakini shule ya binafsi aliyosoma, Lakeside, iliweka kifaa cha kuunganishwa na kompyuta mwaka 1968 akiwa kijana mdogo wa miaka 13, wakati ambao kwa watoto karibu wote wa dunia kompyuta ilikuwa kitu cha kusikia tu. Ukishindwa huku una pa kuangukia, unajaribu tena, unajaribu mara ya tatu. Asiye na pa kuangukia anajaribu mara moja, na wengi hawajaribu kabisa, halafu tunasema hawathubutu.

Urithi mkubwa kuliko huo ni nchi uliyozaliwa. Mwanauchumi Branko Milanovic alikokotoa akaona zaidi ya nusu ya tofauti za vipato vya watu duniani inaelezwa na nchi anayoishi mtu. Hukuichagua, hukuifanyia mtihani. Dereva wa basi wa nchi tajiri na dereva wa basi wa nchi maskini wanafanya kazi moja, pengine wa nchi maskini ana barabara ngumu zaidi na gari bovu zaidi, na mmoja anapata mara nyingi ya mwenzake.

Hapa tuondoe kabisa lile la uvivu. Mwaka 2018 Alexander Bick, Nicola Fuchs-Schündeln na David Lagakos walilinganisha masaa ya kazi ya nchi nyingi, wakakuta watu wazima wa nchi maskini wanafanya kazi karibu nusu zaidi kwa wiki kuliko wa nchi tajiri. Kama jasho ndo lingekuwa linaleta utajiri ramani ya dunia ingegeuka juu chini.

Upande wa pili nao una hadithi zake za kurekebisha. Sio kweli kwamba ubepari haujampandisha mtu yeyote. Mwaka 1990 zaidi ya theluthi ya watu wote duniani waliishi kwenye umaskini uliokithiri kwa kipimo ambacho Benki ya Dunia ilikuwa inatumia wakati huo, kufika 2019 walikuwa chini ya mmoja kwa kila kumi, na sehemu kubwa ya hiyo ni China kufungua soko, japo serikali ilikuwa na mkono mzito humo ndani. Pia sio kweli kwamba ukiondoa ubepari mazingira yanapona. Bahari ya Aral ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, na waliolikausha kuanzia miaka ya 1960 kwa kuelekeza mito kwenye mashamba ya pamba ni mipango ya serikali ya Kisovieti. Na huko pia kulikuwa na kurithishana, mtoto wa kigogo wa chama hakukosa nafasi. Kwa hiyo anayedhani kubadilisha jina la mfumo kunatosha, hapana.

Bili ambayo haiandikwi

Mazingira yanaingiaje kwenye hili swali la kustahili? Wengi wanaona ni mada mbili tofauti, ya kwanza ya haki na ya pili ya miti. Ni mada moja.

Bei ya kitu sokoni inahesabu gharama ambazo mwenye kiwanda analazimishwa kulipa: malighafi, mishahara, umeme, usafiri. Moshi unaotoka kwenye bomba ukaingia kwenye mapafu ya jirani hauko kwenye hesabu. Arthur Pigou, mwanauchumi Mwingereza, aliliona hili tangu 1920 akapendekeza kodi ya kurudisha gharama hiyo kwa anayeisababisha. Mwanauchumi mwingine, Nicholas Stern, kwenye ripoti aliyoiandalia serikali ya Uingereza mwaka 2006, aliyaita mabadiliko ya tabianchi kushindwa kukubwa kuliko kote ambako soko limewahi kushindwa. Sasa maana yake kwa mada yetu ni hii: ukiona faida kubwa na ukampigia makofi mwenyewe kwa akili yake ya biashara, hujui ni kiasi gani cha faida hiyo ni akili na kiasi gani ni bili iliyotupwa kwa mtu mwingine.

Nichukue mtu mmoja tumuangalie kwa karibu. Thomas Midgley, mhandisi Mmarekani aliyefanya kazi maabara ya General Motors, mwaka 1921 aligundua kwamba ukichanganya petroli na kemikali yenye madini ya risasi injini inaacha kugonga na inakuwa na nguvu zaidi. Alikuwa mtu mwenye kipaji na mchapakazi hasa, walijaribu vitu vingi mno kabla ya kuipata hiyo. Kwamba risasi ni sumu ilijulikana tangu zamani za kale. Mwaka 1923 Midgley mwenyewe ilibidi apumzike kazi kwa sababu ilikuwa imemdhuru. Oktoba 1924 wafanyakazi wa mtambo mmoja huko New Jersey walianza kurukwa na akili, watano wakafa. Siku chache baadaye Midgley akaitisha waandishi wa habari, akamimina kemikali ile mikononi mwake na kuinusa kama dakika nzima kuwaonyesha kuwa haina shida. Petroli yenye risasi ikaenea dunia nzima. Yeye akapewa medali moja baada ya nyingine, mwaka 1941 akapewa Priestley, heshima ya juu kabisa ya wanakemia wa Marekani, na 1944 akawa rais wa chama chao. Jamaa huyo huyo ndo alishiriki pia kubuni zile gesi za majokofu zilizokuja kutoboa tabaka la ozoni, lile la angani linalotukinga na mionzi mikali ya jua.

Soko lilimlipa vizuri sana, na kampuni zilizouza zikapata faida kwa miongo kadhaa. Bili ikaenda wapi? Ikaenda kwenye vichwa vya watoto. Risasi ikiingia kwenye mwili wa mtoto mdogo inaharibu ubongo unaokua, inapunguza uwezo wa kujifunza, umakini na kujizuia, na haurudi. Utafiti uliotoka 2022 ulikadiria kwamba Wamarekani waliokuwa hai mwaka 2015 walipoteza jumla ya pointi milioni 824 za akili kwa risasi waliyoivuta utotoni, karibu pointi 3 kwa kila mtu kwa wastani, na waliozaliwa miaka petroli hiyo ilipotumika zaidi walipoteza zaidi ya hapo. Hao ni Marekani, ambako ilipigwa marufuku kabisa kwenye magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi ya mwisho kuiacha duniani ni Algeria, Julai 2021.

Tuna ule msemo kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Basi hiki ndo kinachoniumiza kuliko vyote, kwamba uharibifu wa mazingira unakula mtaji huo huo. Mtoto wa kando ya barabara kubwa alinyang'anywa kipaji kabla hajajua kusoma, akafika mtihani akapata alama za chini, mtihani haukumpendelea mtu, msahihishaji hakumuonea, na karatasi ikasema hastahili. Waliompunguzia akili wakawa wanatafutiwa majina ya heshima kwa ubunifu wao. Ukitazama mtihani peke yake utasema mfumo ni wa haki kabisa.

Joto linafanya kitu kinachofanana na hicho. Utafiti wa Joshua Goodman, Jisung Park na wenzao wa mwaka 2020 uliotumia matokeo ya mamilioni ya wanafunzi wa Marekani ulikuta kwamba mwaka wa shule ukiwa na joto zaidi watoto wanajifunza kidogo zaidi, na kwamba shule zenye viyoyozi karibu zinaepuka hasara hiyo yote. Kwa hiyo dunia ikipata joto hatuumii sawa. Mwenye hela ananunua ubaridi na mtoto wake anabaki na alama zake, halafu baadaye tutaambiwa alikuwa na bidii darasani.

Na nani analeta joto hilo? Shirika la misaada la Oxfam lilikokotoa kwamba mwaka 2019 asilimia 1 ya watu matajiri zaidi duniani walisababisha hewa ukaa sawa na theluthi mbili maskini kabisa, watu kama bilioni 5. Kabla ya viwanda angani kulikuwa na hewa ukaa sehemu kama 280 kwa kila milioni, sasa zimepita 420, na sehemu ya kinachotolewa leo itabaki huko kwa karne nyingi. Pakistan inachangia chini ya asilimia 1 ya gesi hizi, mwaka 2022 mafuriko yaliua zaidi ya watu 1,700 na kuwagusa milioni 33. Mkulima aliyepoteza shamba, mifugo na mbegu pale alikuwa na kosa gani la kibiashara? Kumbuka pia kwamba mali inarithishwa kwa jina, ina hati na mwanasheria, lakini bili ya hewa inarithishwa kwa watu wote bila kuulizwa. Yaani kwenye ile ligi, timu zenye pointi za zamani ndo zimechimba mashimo uwanjani, na mashimo yapo upande wa wageni.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hapana, ubepari kwa asili yake haulipi kustahili, unalipa umiliki wa kitu kinachotakiwa, na pale jitihada na kipaji vinapolipwa ni kwa sababu vimekutana na mtaji, bahati na sheria zilizowekwa na watu. Hiyo ya sheria ndo muhimu, kwa sababu inaeleza kwa nini nchi za kibepari hazifanani. OECD, umoja ambao wengi wake ni nchi tajiri, mwaka 2018 ilikadiria mtoto wa familia ya chini angehitaji vizazi 2 kufika kipato cha wastani kule Denmark, vizazi 9 Brazil na Afrika Kusini, 11 Kolombia. Hizi zote zina masoko, zina mabepari, zina watu wenye bidii. Tofauti ni shule za umma zikoje, hospitali inalipiwaje, kodi inakatwa wapi, na historia ya nani alipewa ardhi.

Mirathi inaweza kukatwa kodi na dunia isianguke. Japani kiwango cha juu ni asilimia 55. Mwaka 2021 familia ya marehemu Lee Kun-hee, aliyekuwa mwenyekiti wa Samsung ya Korea Kusini, ilitangaza kwamba italipa kodi ya mirathi zaidi ya won trilioni 12, na Samsung bado inatengeneza simu. Ila pia msishangae kwamba Sweden, ambayo wengi wanaiona kama mfano wa usawa, ilifuta kodi ya mirathi mwishoni mwa 2004, na Norway ikafuta 2014, na kodi hii haipendwi hata na watu ambao hawatairithi mali yoyote. Andrew Carnegie, mtoto wa mfuma nguo aliyekuja kuwa kati ya matajiri wakubwa wa zama zake, aliitetea kwa nguvu mwaka 1889, akiamini kumwachia mtoto mali nyingi ni kumharibu. Mi naona hoja ya nguvu kuliko hiyo ni kwamba kama kweli unaamini kwenye kustahili, urithi mkubwa ndo kitu cha kwanza ungetakiwa kuwa na mashaka nacho, hata kabla ya ruzuku kwa maskini.

Upande wa mazingira pia inawezekana. Finland iliweka kodi ya kaboni, yaani kodi ya kutoa hewa ukaa, mwaka 1990, Sweden 1991. Gesi zilizotoboa ozoni zilibanwa kwa makubaliano ya Montreal ya 1987 na tabaka linapona, na viwanda vilivyosema haiwezekani vikapata mbadala. Petroli ya risasi haikuondolewa na soko kujirekebisha, iliondolewa na wanasayansi kama Clair Patterson waliopigwa vita kwa miaka mingi, na serikali zilizolazimishwa kuchukua hatua, na Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba kuiondoa kunazuia vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Lakini risasi yenyewe haijaisha. UNICEF mwaka 2020 ilitoa makadirio kwamba mtoto 1 kati ya 3 duniani, karibu milioni 800, ana kiwango cha risasi kwenye damu kinachotosha kutaka hatua zichukuliwe, na chanzo kikubwa sasa ni kuchakata betri za magari kiholela, kuziyeyusha uani na karibu na makazi, pamoja na rangi za nyumba ambazo nchi nyingi bado hazina sheria ya kuzizuia. Wengi wa watoto hao ni wa nchi maskini. Baada ya miaka michache watakaa kwenye chumba cha mtihani.